Nguzo mbili zilipozama: jibu kuhusu daraja la mawe la Praha

*Swali: Mhandisi, mwanangu, mwaka jana nilikwenda Praha, Ucheki, kumwona kijana wangu anayesoma huko. Akanipitisha juu ya lile daraja kuu la mawe lenye sanamu. Aliyekuwa akitutembeza alisema mwaka 1890 mafuriko yalilibomoa, likajengwa tena. Mimi yale mawe nimeyashika kwa mkono wangu. Maji yanavunjaje jiwe la unene ule? Na kama lilibomoka likajengwa, mbona wanasema ni la mwaka 1357? Tena wakatuambia chokaa yake ilikandwa kwa mayai. Nisaidie, maana baba yake hapa nyumbani haamini hata kimoja. Mama, Tanga.*

Shikamoo mama. Nimefurahi kwamba uliyashika, maana mkono wako haukukudanganya. Yale ni mawe ya mchanga, magumu, na hakuna mafuriko ya mto Vltava yaliyowahi kuyapasua katikati kama mtu anavyopasua nazi. Kilichoondoka mwaka 1890 ni ardhi iliyokuwa chini ya mawe. Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi, na baba akikaa sawa unaweza kumsomea yanayofuata.

Kwanza tulijue daraja lenyewe. Wenyeji huliita Karlův most, yaani Daraja la Karel, ingawa jina hilo limeshika tangu mwaka 1870 tu. Kabla ya hapo watu walisema Daraja la Mawe, basi. Mfalme Karel wa Nne alianzisha ujenzi mwaka 1357, na kazi ikaisha mwanzoni mwa karne ya 15, yeye akiwa ameshafariki. Lina urefu wa mita 516 na matao 16. Lilichukua nafasi ya daraja jingine la mawe, la Judith, lililojengwa karne ya 12 na kuharibiwa na mafuriko mwaka 1342. Kwa hiyo waliojenga hili ulilopita wewe hawakuwa wageni wa tabia za mto ule. Walijua unaua madaraja, na ndiyo maana walijenga nguzo nene mno.

Sasa tao. Chukua mawe yaliyochongwa kama vipande vya tikiti, yapange nusu duara juu ya kiunzi cha mbao, kisha uondoe kiunzi. Yatabaki hewani, kwa sababu kila jiwe linataka kuanguka na kila jiwe linamzuia mwenzake. Uzito wote unageuka kuwa msukumo, unateremka pande mbili hadi kwenye nguzo, na kutoka kwenye nguzo unaingia ardhini. Jiwe linapenda kugandamizwa, ukilibana unaliimarisha. Halipendi kuvutwa wala kukunjwa. Tao likisimama juu ya nguzo mbili zilizotulia, litasimama miaka mia sita. Nguzo moja ikizama kidogo au ikiegemea upande, mawe yanaachiana kwenye maungio, msukumo unakosa njia, na tao linashuka lote kwa pamoja. Hakuna jiwe lililovunjika. Yameachiana tu.

Hapo ndipo mto unapoingia. Maji yanayokwenda kasi yakikuta nguzo, yanapanda kidogo usoni pake, mengine yanazunguka pembeni, na mengine yanapiga mbizi kuelekea chini. Haya ya kupiga mbizi ndiyo adui. Yakifika chini yanajikunja kama parafujo na kuchota mchanga na kokoto mbele ya nguzo, kisha mzunguko huo unaikumbatia nguzo kwa umbo la kwato ya farasi. Umewahi kusimama ufukweni wimbi linaporudi baharini, ukahisi mchanga unatoka chini ya visigino mpaka unayumba? Ni jambo hilohilo. Mguu wako hauna kosa, ila sakafu imeondoka.

Nikueleze na jambo linalowasumbua sana wakaguzi wa madaraja, mimi nikiwa mmoja wao. Shimo hilo huchimbika maji yakiwa juu kabisa, wakati hakuna mtu anayeweza kushuka kutazama. Mafuriko yakipungua, mto unarudisha mchanga mlaini na kulijaza. Ukienda baada ya wiki unakuta sakafu ya mto imelala sawasawa, unapiga picha, unaandika kwamba hali ni nzuri, kumbe ulichokiona ni mto uliofunika alama zake. Mchanga ule uliorudi haubebi kitu. Ndiyo maana tunapima kwa fimbo ndefu au kwa vyombo vya mwangwi, na tunapima nguzo kwa nguzo. Jicho peke yake halitoshi.

Mafundi wa karne ya 14 hawakuwa na njia ya kuchimba msingi mpaka kwenye mwamba katikati ya mto mkubwa. Walifanya walichoweza: walilaza fremu za mbao ngumu kwenye kokoto, juu yake wakapanga mawe makubwa ya kusagia nafaka, na nguzo ikaanzia hapo. Msingi wa namna hiyo ni mzuri sana maadamu kokoto zenyewe zipo. Mbao inayokaa chini ya maji daima haiozi upesi, kwa kuwa haipati hewa. Lakini fremu hizo hazikwenda chini sana, na mwamba ulikuwa bado mita kadhaa chini yake.

Basi mwanzoni mwa Septemba 1890 mvua kubwa ilinyesha Bohemia, sehemu ya magharibi ya Ucheki, na Vltava ukafura hadi kupitisha kiasi cha mita za ujazo 3,975 kwa sekunde. Kwa wastani wa siku za kawaida hupita 150 hivi. Ukitaka kuipata picha, fikiria maboza karibu 400 ya lita 10,000, yote yakipita mbele yako ndani ya sekunde moja, na sekunde inayofuata mengine 400.

Hata hivyo maji peke yake huenda yangevumiliwa. Kilichomaliza kazi ni magogo. Enzi hizo Vltava ulikuwa barabara ya mbao: miti ilikatwa kwenye misitu ya kusini, ikafungwa kuwa mashua bapa na kuelea hadi Praha na kwingineko. Mafuriko yalizikata kamba, na magogo kwa maelfu yakaja kulala mbele ya daraja. Yakaziba matao. Daraja likageuka bwawa. Upande wa juu maji yakapanda, na yale yaliyotaka kupita yakalazimika kujipenyeza chini ya rundo la magogo, yaani karibu kabisa na sakafu, kwa kasi ambayo sakafu ile haikuwahi kuionja. Alfajiri ya tarehe 4 Septemba nguzo mbili zilizama, na matao matatu yakaenda nazo.

Naomba uyatazame hayo mahesabu, mama, kwa sababu daraja lote limo humo. Kati ya nguzo mbili zinazofuatana kuna tao moja, na kila upande kuna tao jingine lililoegemea. Nguzo mbili zikiondoka, matao matatu hayana pa kukaa. Lakini kwa nini yalianguka matatu tu? Tao linasukuma nguzo yake kwa nguvu mchana na usiku, na kinachoizuia nguzo isipinduke ni tao la upande wa pili linaloirudishia msukumo. Upande mmoja ukiondoka ghafla, nguzo nyembamba ingepinduka, na tao linalofuata, na linalofuata, mpaka ng'ambo. Madaraja ya mawe ya baadaye yenye nguzo nyembamba yana hatari hiyo hasa. La Praha lina nguzo za unene wa mita 9 hivi, wakati matao yana upana wa kati ya mita 16 na 23. Zile nguzo zilizobaki pembeni ya pengo zilisukumwa upande mmoja tu na zikasimama. Mafundi wa Karel waliliokoa daraja lao karibu miaka mia tano baada ya kuzikwa.

Ila unene huohuo ulikuwa na gharama yake. Nguzo hizo zinaziba karibu theluthi ya mto. Maji yanabanwa, yanaongeza kasi, na kasi ndiyo inayochota kokoto. Kilicholizuia daraja lisianguke lote kilisaidia kuliangusha kwa sehemu. Sioni kosa la mtu hapo. Ukiwa huwezi kuufikia mwamba, unajenga nene na kuomba, na wao walijenga nene. Tena haikuwa mara ya kwanza: mafuriko ya 1432 yaliharibu nguzo tatu, na mwaka 1784 barafu na maji viliumiza tano na kuangusha nyumba ya walinzi pamoja na askari waliokuwamo.

Jinsi walivyolijenga tena ndiyo sehemu ninayoipenda. Wahandisi wa mwaka 1890 walikuwa na kitu ambacho wa 1357 hawakukijua, yaani kesoni. Ni sanduku kubwa lisilo na sakafu, linaloshushwa mtoni mdomo ukiangalia chini, kama ukigeuza bilauri na kuizamisha kwenye ndoo ya maji: hewa inabaki ndani. Ukisukumia hewa ya shinikizo, maji yanatoka chini ya ukingo, na vibarua wanaingia kwa mlango maalumu juu, wanasimama kwenye sakafu ya mto wakiwa wakavu, wanachimba. Wanavyochimba, sanduku linazama kwa uzito wa nguzo inayojengwa juu yake, mpaka linagusa mwamba. Kisha wanatoka, na ndani panajazwa. Kazi ile ilikuwa ya mateso. Mtu akitoka haraka kwenye hewa nzito hupata maumivu ya viungo na hata kupooza, ugonjwa uleule ambao wazamiaji wetu wa Pwani huupata wakipanda juu kwa pupa kutoka kina kirefu.

Nguzo mbili zilizoanguka zilijengwa upya juu ya misingi ya namna hiyo, matao matatu yakafungwa, na tarehe 19 Novemba 1892 watu wakavuka tena. Miaka miwili na miezi michache. Walipomaliza hawakujidanganya kwamba hatari imekwisha. Kati ya 1902 na 1904 waliimarisha kwa kesoni misingi ya nguzo ya 3, ya 4 na ya 7, ambazo hazikuwa zimeanguka. Huo ndio uhandisi ninaoutamani: kutumia fedha kwa nguzo iliyosimama kwa sababu umeelewa kwa nini jirani yake ililala. Kumshawishi mwenye fedha afanye hivyo ni kazi ngumu kuliko kesoni yenyewe, naijua.

Malipo yake yalionekana mwaka 2002. Agosti ile Vltava ulipitisha mita za ujazo 5,160 kwa sekunde, zaidi sana ya zile za 1890. Sehemu za Praha zilizama, reli za chini ya ardhi zilijaa maji. Daraja halikuanguka. Sababu moja ni misingi ile mipya. Nyingine ni kwamba magogo yale ya biashara hayapo tena, kwani mabwawa makubwa yaliyojengwa juu ya mto katika karne ya 20 yalikomesha usafirishaji wa mbao kwa kuelea mtoni. Na ya tatu, ambayo nilipoiona kwenye picha nilishangilia peke yangu ofisini: walipandisha makatapila juu ya daraja, mikono yake ikining'inia ng'ambo ya ukuta, yakawa yanachota miti na takataka zisijirundike kwenye matao. Naamini aliyetoa amri ile aliikumbuka 1890. Maji yalipokwisha, wakaimarisha na nguzo ya 8 na ya 9, ambazo zilikuwa bado kwenye msingi wa kale.

Huku kwetu kwenye makalavati na madaraja madogo ya vijijini naliona jambo hilohilo kila masika. Shina moja la mwembe linakwama mlangoni, majani na mifuko vinajishika, na saa tatu baadaye barabara imekatwa. Watu husema mvua ilikuwa kubwa. Mara nyingi mvua ilikuwa ya kawaida, na panga moja lingetosha kama mtu angelipeleka mapema.

Swali lako la pili: je, bado ni la 1357? Nitakujibu kama ninavyoamini, ingawa wenzangu wengine wana maoni yao. Ndiyo, ni lilelile. Matao 13 hayakuanguka mwaka 1890. Matatu yaliyojengwa upya yamekaa mahali palepale, kwa umbo na kwa namna ileile ya kubeba mzigo: jiwe linasukuma jiwe. Daraja la mawe halijawahi kuwa kitu kilichokamilika siku moja kikaachwa. Jiwe la juu linalolika kwa mvua, chumvi na moshi hubadilishwa, na mafundi wa kila karne wameacha yao. Kinachonihuzunisha ni matengenezo yasiyo na adabu. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 waliweka bamba la zege lenye nondo juu ya matao, dawa ambayo daraja la namna hii halikuihitaji, ingawa wakati uleule walifanya jema kubwa la kuyaondoa magari. Na ukarabati ulioanza mwaka 2007 ulilaumiwa vikali kwa kuondoa mawe ya zamani kwenye kuta za pembeni na kuweka mapya yasiyofanana na wenzake. Mafuriko yaliondoa matao matatu bila kukusudia. Binadamu mwenye haraka anaweza kuondoa mengi zaidi akiwa na kibali mkononi.

Ugriki wana kesi ngumu kuliko hiyo. Daraja la Plaka, juu ya mto Arachthos, lilijengwa mwaka 1866 likiwa na tao moja kubwa, upana wa mita 40 hivi, kimo cha mita 20. Tarehe 1 Februari 2015 mafuriko yaliliangusha. Hapo hakukuwa na matao 13 ya kushuhudia. Tao kuu lote lilikwenda. Wagiriki wakaamua kulirudisha kwa mawe, kwa umbo lake, juu ya kiunzi kama cha zamani, na mwaka 2020 likasimama tena. Mtu anaweza kusema lile ni nakala, na sitamgombeza. Lakini mafundi waliopanga yale mawe walijifunza kazi ambayo ilikuwa inakaribia kupotea, na mimi ningetoa mengi ili niwe mmoja wao.

Mayai, sasa. Hadithi inasema miji ya Bohemia iliagizwa kupeleka mayai ya kuimarishia chokaa, na mji wa Velvary, kwa kuogopa yasivunjike njiani, ukayachemsha kwanza. Ni hadithi nzuri na wenyeji wanaipenda, mwachie baba aicheke. Kilicholishikilia daraja ni chokaa yenyewe. Wewe ni mtu wa Tanga, chokaa ya matumbawe iliyochomwa tanuuni unaijua. Ndiyo iliyojenga msikiti wa kale wa Tongoni. Chokaa ile hukauka kwa kuvuta hewa, na ikikaa majini kabla haijakomaa huyeyuka. Mawe ya chokaa ya Praha yana udongo wa mfinyanzi ndani yake, na yakichomwa hutoa chokaa inayoganda hata penye unyevu, kwa tabia inayokaribia ya saruji. Kwenye nguzo za mtoni hiyo ni neema kuliko kreti elfu za mayai.

Utakaporudi kwa kijana wako, simameni kwanza ukingoni kabla ya kupanda. Mbele ya nguzo, upande maji yanakotoka, mtaona majengo ya mbao yenye migongo iliyochongoka: hayo ni ya kuvunja barafu na kukamata magogo yasiifikie nguzo. Kisha pandeni kutoka upande wa Mji Mkongwe, mhesabu sanamu. Ya 5 mkono wa kulia ni ya watakatifu Cyril na Methodius, iliyowekwa mwaka 1938. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Mtakatifu Ignatius wa Loyola, aliyetumbukia mtoni pamoja na nguzo ya 5. Ya 5 mkono wa kushoto ni ya Mtakatifu Francis Xavier, mmisionari, kazi ya Ferdinand Brokoff ya mwaka 1711. Naye alitumbukia alfajiri ile, na unayoiona leo ni nakala ya mwaka 1913. Vipande vya ile ya asili viliopolewa na viko Lapidárium, ukumbi wa sanamu za mawe wa Makumbusho ya Taifa, mjini humohumo. Mtazame vizuri huyo. Mwaka 1542, akisafiri kutoka Msumbiji kwenda Goa, meli yake ilitia nanga Malindi.